Jinsi ya kuona mwenyewe Ziwa Baringo lilivyomeza nchi kavu

Wengi hudhani picha za setelaiti ni za wanasayansi tu ama lazima ununue, hapana, ziko bure kabisa, tafuta laptopu na bando basi. Simu inaweza lakini skrini ndogo itakutesa.

Mimi nawaanzishia watu na Ziwa Baringo, Kenya, manake maji yalianza kupanda karibu 2010, halafu 2020 yakavamia kabisa, watu wa Kampi ya Samaki, mji ulio ufuoni, wakahama nyumba zao wenyewe, na uchungu huo ukiuona kutoka juu hausahau.

Ingia Copernicus Browser, tovuti ya picha za setelaiti za Ulaya, fungua akaunti, tafuta Baringo, chagua Sentinel-2, hizo ni setelaiti zinazopiga picha kwa mwanga. Pale kwa mawingu shusha hadi asilimia 10 hivi. Sasa tarehe: chukua picha ya Februari 2017 na nyingine ya Februari 2021, na tafadhali mwezi uwe ule ule, ukiweka Februari kando ya Mei utakuwa unapima kiangazi na masika halafu useme ni tabianchi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaangalia rangi za kawaida, na maji ya Baringo yana tope, ni ya kahawia kama udongo wa pembeni, kwa hivyo huoni ziwa linaishia wapi. Bofya False Color. Hiyo inatumia mwanga wa infraredi ambao jicho letu halioni, mimea huurudisha kwa wingi kwa hivyo inatokea nyekundu, maji huumeza kwa hivyo yanakuwa meusi ama buluu-kijani pale penye tope jingi, na ghafla ufuo unajichora wenyewe.

Weka hizo picha mbili kwa Compare uvute ule mstari polepole. Anzia kusini, mito ya Molo na Perkerra inapoingilia, ardhi ya huko ni tambarare kwa hivyo maji yakipanda kidogo tu yanatambaa mbali, lakini kwenye miamba utaona karibu hakuna kilichobadilika. Kisha tumia kile kifaa cha kupima eneo, zungushia maji mwaka mmoja, zungushia mwingine, toa eneo dogo kwenye kubwa, hizo ndizo kilomita za mraba zilizoliwa. Pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10, kwa hivyo usitafute nyumba ya mtu, tafuta ufuo.

Ukitaka miaka ya nyuma zaidi kuna Landsat, setelaiti za Marekani, hiyo imepiga picha tangu 1972, pikseli zake nyingi ni mita 30 lakini kwa ziwa zinatosha. Na masika mawingu yakikataa kutoka hamia Sentinel-1, ni rada, inapenya mawingu na hata usiku inaona.

Kitu kimoja cha kuangalia sana: ukiona vidoa vyekundu ndani ya maji karibu na ufuo usivihesabu kama nchi kavu, mara nyingi ni matete ama migunga iliyofunikwa na maji mpaka kiunoni na bado ina majani.