Tumbo kwanza, uzuri baadaye: kuweka wanyama laini wa bahari nyumbani Dar

Samaki akikosa chakula utamwona amekonda. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, hakondi. Umbo lake linabaki lile lile huku ndani akijitafuna mwenyewe, na anaweza kwenda hivyo kwa miezi kabla ncha ya mkono mmoja haijaanza kulainika na kumeguka. Ndiyo maana utasikia mtu akijisifu kwamba alikaa na wake nusu mwaka bila shida. Nusu mwaka hiyo yote mnyama alikuwa anakufa.

Kwa hiyo suala la kama ni haki kumfungia kwenye tenki la kioo mnyama asiye na uti wa mgongo haliamuliwi kwa huruma peke yake. Kuna maswali mawili yanayopimika: anakula nini hasa, na je, maji yako yatatulia mwaka mzima kwa joto la Dar na umeme wa Dar? Ukikosa jibu la moja tu, mwache alipo.

Wa kuwaacha baharini

Konokono wasio na magamba, wale wa rangi kali kama kanga mpya, wengi wao hula aina moja au chache tu za sifongo wa bahari. Hakuna duka linalouza sifongo hao. Matumbawe laini ya rangi ya waridi na chungwa yasiyo na mwani wa kuyalisha ndani ya nyama yake hula chembe zinazopita na mkondo, mchana na usiku. Ukimwaga chakula kinachowatosha, maji yanaoza. Ukipunguza, wanakufa njaa. Kiti cha pweza wa buluu hulamba utando unaoota juu ya mawe, na tenki la kawaida humwishia utando huo upesi. Yule mwekundu mwenye vinundu, anayeonekana kwenye majani ya bahari maji yakipwa, hula wanyama waliojishikiza kwenye mawe, kwa hiyo ukimchanganya na wengine umemwandalia meza. Jongoo bahari akinaswa na pampu au akifia ndani anaweza kutoa sumu ya kumaliza samaki wote kwa usiku mmoja.

Pweza wetu wa kawaida, yule anayeuzwa soko la samaki la Feri, ana umri wa takriban mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Aliyevuliwa akiwa mkubwa amebakiza muda mfupi tu, hata baharini. Juu ya hapo ana akili ya kufungua kifuniko, anapenya kwenye tundu dogo kama mdomo wake, na anahitaji nafasi na vitu vya kuchezea. Uingereza iliwaingiza pweza, kaa na kamba katika sheria yake ya wanyama wenye hisia mwaka 2022, baada ya wanasayansi kupitia ushahidi wa maumivu. Huhitaji kungoja sheria ya huku ikufuate. Pweza si mnyama wa sebuleni.

Anemoni, mnyama laini wa mwambani anayefanana na ua, ndiye anayetamaniwa kuliko wote, kwa sababu ya wale samaki wa rangi ya chungwa wanaoishi kwake. Lakini samaki hao wanaishi vizuri kwenye tenki bila anemoni. Ukimng'oa anemoni kwenye mwamba, samaki waliojificha kwake wanabaki hawana nyumba. Anemoni anaweza kuishi miongo mingi, na kwenye tenki changa wengi hawamalizi mwaka.

Wanaobaki kwenye orodha ya mtu anayeanza ni wachache: kamba wasafishaji, konokono wala mwani, matumbawe laini ya ngozi na yale ya mfano wa uyoga. Matumbawe haya mawili yana sifa moja kubwa: yanakatwa vipande na kuoteshwa nyumbani, kwa hiyo kipande chako si lazima kitoke mwambani. Matumbawe madogo ya vitufe yanayofanana na maua nayo hukua kirahisi, lakini baadhi yana sumu kali. Vaa glavu na miwani, usiyakate ukiwa na kidonda mkononi, na usichemshe jiwe lenye matumbawe hayo. Mvuke wake umepeleka watu hospitali.

Ametoka wapi?

Muulize muuzaji mambo matatu: alichukuliwa wapi, yuko dukani siku ngapi, na anakula nini. Kisha mwombe amlishe mbele yako. Anemoni mzima ana mdomo uliofunga na mguu usio na mchaniko. Akiwa mweupe pe amepoteza mwani unaomlisha, na akiwa wa manjano kali au waridi ya kung'aa, huenda ametiwa rangi. Wote wawili wana njaa tayari. Usimnunue kwa kumhurumia, maana nafasi yake itajazwa na mwingine wiki ijayo.

Kuchukua mwenyewe ufukweni ndiyo njia rahisi na mbaya zaidi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na baadaye visiwa vya upande wa kusini kama Sinda vikaongezwa. Huruhusiwi kutoa kitu humo, hata jiwe. Nje ya mipaka hiyo, anza na ofisi ya uvuvi kabla ya ndoo. Matumbawe magumu na chaza wakubwa wamo pia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuwavusha mpaka kunataka kibali.

Tenki tupu kwanza

Anza na lita 200 za maji, si 40. Maji machache hubadilika haraka, na wanyama hawa hawana namna ya kujikinga na mabadiliko ya chumvi.

Mawe usiyatoe baharini. Jiwe la matumbawe ya kale, lile linalochimbwa nchi kavu kwa ajili ya kujengea, linafaa likiwa safi: lidondoshee siki, likitoa povu ni chokaa. Lisugue, liloweke wiki tatu au nne ukibadilisha maji, kisha liweke kwenye tenki pamoja na kipande cha kamba mbichi mmoja. Kamba akioza hutoa amonia. Bakteria huigeuza naitraiti, kisha naitreti. Pima kila baada ya siku mbili. Zoezi huchukua wiki nne hadi nane, na limekamilika pale amonia na naitraiti zinaposoma sifuri siku kadhaa mfululizo. Anayekwambia wiki moja inatosha anakuuzia mnyama.

Maji ya bahari yapo karibu, lakini si kila siku. Yachukue maji yakijaa, kwa mashua, mbali na midomo ya mito kama Msimbazi na mbali na mitaro. Wakati wa masika usichukue kabisa: mvua huyapunguzia chumvi na kuleta uchafu wa mji. Tumia madumu ambayo hayajawahi kubeba sabuni wala kemikali. Chuja, funika gizani wiki moja au mbili ukiyapulizia hewa, kisha pima kwa refraktometa, kifaa cha kupimia chumvi. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026.

Sasa joto. Shabaha ni nyuzi 25 hadi 27, na Januari chumba cha Dar kinaweza kufika 32. Feni inayopuliza juu ya maji huyapooza kwa kuyageuza mvuke, kwa hiyo siku za unyevunyevu mwingi inasaidia kidogo tu, na ndizo siku unazoihitaji zaidi. Mwenye matumbawe anunue mashine ya kupooza maji au aachane nayo.

Feni ina gharama nyingine isiyoonekana. Tenki la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku, ndani ya wiki zimekwenda 21, lakini chumvi imebaki yote. Gramu 35 kwa lita zimekuwa 39. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha kina cha maji na ujazie kila siku kwa maji yasiyo na chumvi, kamwe si ya bahari. Ya bomba yana klorini. Ya visima vingi vya mjini yana chumvi au naitreti ya vyoo vya shimo. Tumia yaliyochujwa kwa mtambo, yenye kusoma chini ya 10 kwenye kipimo cha vitu vilivyoyeyuka. Baadhi ya maji ya chupa huongezwa madini, hivyo pima kwanza.

Kabla ya mnyama yeyote, zima swichi kuu usiku kwa saa nne, kama vile umeme umekatika. Maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 25, na pampu ikisimama hurudi polepole mno. Pampu ya hewa ya betri inapaswa kuwaka yenyewe umeme ukikatika, maana wewe utakuwa umelala. Andika joto asubuhi, saa tisa alasiri na usiku kwa siku 30. Likivuka 28 mara kwa mara, tenki limefeli mtihani, na hakuna aliyekufa.

Sumu mbili zinazosahaulika ni shaba na dawa ya mbu. Dawa nyingi za madoa meupe ya samaki zina shaba, na shaba hubaki kwenye mawe na gundi ya kioo. Tenki lililotumika ulizie historia yake. Dawa ya kupuliza na ile ya kuchoma huingia kupitia pampu ya hewa na kuua kamba kwanza. Siku ya kupuliza chumba, chomoa pampu ya hewa, funika tenki na pitisha hewa madirishani kabla ya kuiwasha tena.

Kumwingiza na kumlisha

Pima chumvi ya maji ya mfuko. Maduka mengine huweka kidogo kwa makusudi. Kama safari ilikuwa fupi, mdondoshee maji ya tenki kwa mrija wenye fundo, matone mawili hadi manne kwa sekunde, dakika 60 hadi 90. Kama mnyama amesafiri siku nzima, fupisha. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa chafu huyafanya maji yawe na asidi na kuifanya amonia isiwe kali. Ukifungua, hewa hiyo hutoka, asidi hupungua na amonia hugeuka sumu huku wewe ukihesabu matone. Kiti cha pweza na sifongo wasiguswe na hewa kabisa: wahamishe wakiwa ndani ya bakuli.

Anemoni, ukishikilia kumweka, angoje tenki litimize mwaka, na midomo ya pampu zote ifunikwe sifongo la chujio. Hutembea. Akiingia pampuni, vipande vyake vitachafua maji yote. Mpe kipande cha kamba kisichozidi ukubwa wa mdomo wake, mara moja au mbili kwa wiki, na toa kilichotemwa. Kamba msafishaji hula kidogo kila siku. Ukikuta gamba lake tupu usiogope, amejivua; yeye kajificha siku mbili hadi agumuke, wala usimfukue. Kila wiki badilisha lita 20.

Ikishindikana

Usimrudishe baharini, hata kama alitoka huko. Tenki huchanganya wanyama wa nchi tofauti na magonjwa yao, na ukimwaga mmoja Coco Beach umemwaga na visivyoonekana. Mpe mtu mwenye tenki lililokomaa.

Akiwa anakufa bila tiba, usimwache asinyae wiki nzima. Kwa anemoni, kiti cha pweza na konokono, yeyusha gramu 75 za magnesiamu kloraidi yenye maji, ile ya fuwele, kwenye lita moja ya maji yasiyo na chumvi, uchanganye nusu kwa nusu na maji ya tenki. Mwache humo saa moja baada ya kuacha kuitikia mguso, kisha mgandishe. Kamba na kaa haiwalevyi. Kamba aingie kwenye barafu iliyosagwa na maji ya bahari hadi atulie kabisa, kisha apasuliwe kwa urefu kwa kisu kikali, pigo moja. Mwili ufunge kwenye mfuko, na maji yaliyobaki yaingie chooni, si kwenye mtaro wa mvua.