Kuanzisha Asasi ya Kuwasaidia Wanafunzi Wanamichezo katika Shule ya Kata

Wengi wanaotaka kuisaidia timu ya shule ya kata huanza na jezi, kwa kuwa jezi hupendeza kwenye picha. Kabla ya kununua chochote, kaeni na mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa michezo, mpitie ngazi za UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, kuanzia kata na wilaya hadi mkoa na taifa, na katika kila ngazi muulize ni mwanafunzi gani aliyechaguliwa lakini hakwenda, na alizuiwa na nini. Mara nyingi mtatajiwa nauli, mlo wa mchana, njumu, na kwa wasichana taulo za kike au mzazi aliyekataa kutoa ruhusa. Orodha hiyo ndiyo malengo ya asasi yenu. Ipigieni hesabu: wachezaji 12 wa netiboli wanaohitaji nauli ya shilingi 2,000 kila mmoja kwa siku 4 za mashindano watagharimu shilingi 96,000, kiasi ambacho wahitimu wachache wa shule hiyo wanaweza kuchangishana bila kungoja mfadhili.

Kwa Tanzania Bara, usajili hufanywa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini zao, pamoja na wasifu na picha za viongozi, kisha mwombe kwa Msajili wa mashirika hayo. Anayehudumia shule moja hana haja ya kukimbilia usajili wa ngazi ya taifa. Wa wilaya unatosha, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye wa kumwona kwanza. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti hudumu miaka 10. Msichanganye asasi na klabu ya michezo, ambayo usajili wake uko upande wa Baraza la Michezo la Taifa.

Katika katiba, kifungu cha fedha kiandikwe kwa uangalifu kuliko vyote. Akaunti iwe ya asasi, watia saini wasiwe mkuu wa shule wala mwalimu wa michezo, na kila malipo yawe na stakabadhi. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada na michango ya lazima katika shule zake hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafuta ada hadi kidato cha sita, kwa hiyo asasi inayowachangisha wazazi kupitia shule humwingiza mkuu wa shule matatani.

Jambo linalosahaulika ni masomo. Mwanafunzi anayefika ngazi ya mkoa na taifa hukaa kambini siku nyingi, kwa kawaida katikati ya mwaka, wakati wenzake wa kidato cha nne wanajiandaa kwa mtihani wa taifa wa mwishoni mwa mwaka. Mimi ningetenga fungu la masomo ya fidia kabla ya fungu la mipira: posho ndogo kwa walimu wawili au watatu, ratiba ya jioni baada ya kambi, na daftari la mahudhurio ambalo mwalimu wa taaluma hulikagua. Wasichana wasafiri na mwalimu wa kike, na ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi.

Hatimaye atatokea mfadhili anayetaka kombe, naye atawashawishi mgharimie kumhamisha mchezaji hodari kutoka shule nyingine wiki chache kabla ya mashindano. Mchezaji huyo ni mamluki, na akibainika huiponza timu nzima. Andikeni mapema katika katiba kwamba msaada hutolewa kwa mwanafunzi aliyekuwa kwenye rejista ya darasa tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, ili siku hiyo mjibu kwa kumfungulia ukurasa.