Programu za bure maktabani: mambo ya kuzingatia kabla ya siku yenyewe

Mzazi wa Masindi au Tororo, hapa Uganda, akisoma neno "bure" kwenye tangazo la maktaba, hujiuliza papo hapo: bure mpaka wapi? Mtoto ataombwa daftari? Picha za pasipoti? Ada ya uanachama? Ndiyo maana jambo la kwanza kuamua, kabla hata ya tarehe, ni kile ambacho mgeni hatalipia. Kama maktaba yenu hutoza uanachama, tangazo liseme wazi kwamba asiye mwanachama anakaribishwa na hatadaiwa chochote mlangoni. Kama chakula hakitakuwepo, hilo nalo lisemwe. Mtoto aliyeambiwa "siku nzima" hutoka nyumbani akitarajia angalau uji, na ikifika saa sita mchana njaa imeshamtoa kwenye kitabu. Saa mbili bila chakula zinatosha, tena zinazaa zaidi kuliko saa sita za watoto wenye njaa.

Tarehe ipangwe katikati ya likizo. Wiki ya kwanza watoto wengi wamepelekwa kijijini kwa bibi, na ya mwisho mzazi anahangaikia ada na sare. Epukeni siku ya soko. Ijumaa mchana kuna swala, Jumamosi ni ibada ya Wasabato. Jumatano au Alhamisi asubuhi haigombani na mtu. Asubuhi inafaa kwa sababu nyingine pia: miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mvua katika sehemu nyingi za kusini na kati hupenda kunyesha alasiri. Ukumbi wenye paa la mabati lisilo na dari hauzungumziki mvua ikinyesha, hata kwa kipaza sauti. Wekeni tayari kazi isiyohitaji sauti: karatasi, kalamu za rangi, vitabu vya kusoma kimya. Mkikosa hayo, dakika arobaini za mvua zinatosha kuvunja programu nzima.

Saa iandikwe kwa namna mbili: "saa tatu asubuhi (9:00)". Ukiandika "3:00" peke yake, anayehesabu saa kwa Kiswahili au Kiganda atakuja asubuhi na aliyezoea saa za Kiingereza atakuja alasiri. Tangazo la karatasi mlangoni huwafikia wanaokuja maktaba tayari. Hao wengine hufikiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), matangazo ya kanisani na msikitini, na vipaza sauti vya mtaani ambavyo Waganda huviita bizindaalo. Tangazeni mara mbili: wiki moja kabla, na jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Katika saa ya hadithi, kinachoharibu mambo ni wingi wa watoto kwenye nakala moja ya kitabu. Picha za kitabu cha kawaida hazionekani vizuri kupita safu ya pili au ya tatu, na mtoto asiyeona huanza kumchokoza jirani. Kila msomaji mmoja apewe watoto wasiozidi 15, kwenye mikeka, kwa duara la nusu. Wa miaka mitatu hadi sita wasomewe dakika 20, kisha waimbe au wachore. Wakubwa huweza dakika 40. Kumbukeni wale wasichana wa miaka minane au tisa watakaokuja na mdogo mgongoni. Wawekeeni mkeka karibu na mlango watoke na kurudi bila aibu, maana mkiwafukuza watoto wachanga mmewafukuza na dada zao. Vitabu vikipungua, tovuti ya African Storybook ina hadithi za kuchapa bila malipo, zikiwemo za Kiswahili na Kiganda.

Lugha isichukuliwe kirahisi. Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima shuleni, lakini mtoto wa darasa la pili huenda anakijua kwa masikio ya sokoni tu. Msomaji mzuri ni yule anayeweza kusoma sentensi kwa Kiswahili na kurudia neno gumu kwa lugha ya mahali hapo, bila kutafsiri ukurasa mzima.

Kwa mafunzo ya kompyuta, hesabuni umeme kabla ya viti. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na Ah 100 (ampia-saa) ina takriban Wh 1,200 (wati-saa, yaani wati mara saa), lakini ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, mnabaki na kama Wh 500. Laptopu nne za wati 50 zitakwenda saa mbili na nusu. Ongezeni projekta ya wati 250 na muda unashuka hadi saa moja na kidogo. Kwa hiyo laptopu zote zichajiwe usiku, na projekta iachwe kabatini kama si lazima. Watu wawili kwa mashine moja ni sawa. Watatu, mmoja hagusi kibodi kabisa. Zimeni pia masasisho yanayojipakua yenyewe, la sivyo bando la GB kadhaa litaisha kabla mwanafunzi wa kwanza hajafungua barua pepe.

Muuguzi akija kupima presha, wekeni kiti chenye egemeo, meza ya kulaza mkono usawa wa moyo, na benchi ambapo kila mtu atapumzika dakika tano kwanza. Presha ya aliyetoka tu kwenye bodaboda au aliyepanda kilima huonekana juu kuliko hali yake. Majibu yatolewe pembeni, si mbele ya foleni.

Maji ya kunywa yaliyochemshwa: jerikeni moja ya lita 20 kwa watoto 40. Sabuni pale pa kunawia. Ufunguo wa choo uwe na nakala mbili, moja kwa mtu ambaye haondoki eneoni.

Mwisho, picha. Sheria ya ulinzi wa data ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa. Ridhaa iombwe wakati wa kuandikisha, mstari mmoja wenye "ndiyo" au "hapana", si baada ya kamera kuwashwa. Aliyejibu hapana, mtoto wake akae upande ambao kamera haielekezwi, na asiulizwe sababu.