Mliotengana na mnalea pamoja: andikeni kabla njia hazijafungwa

Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Nairobi ilifungwa watu wasiingie wala kutoka Aprili 6, Mombasa siku mbili baadaye, na njia zikafunguliwa Julai 7. Ratiba ya "wikendi kwa baba" ingefuatwaje hapo? Ongezeni kipengele cha dharura sasa, mkiwa bado mnasikizana: njia zikifungwa mtoto abaki kwa nani, simu ya video saa ngapi (saa moja jioni, kabla ya chakula, inafaa), siku zilizopotea zifidiwe likizo ipi. Pesa za matumizi ya mtoto ziendelee kutumwa kwa M-Pesa hata kama hamwonani. Hili linaweza kuleta ugomvi. Kama kuna amri ya mahakama, msiibadilishe kwa mdomo. Wekeni sahihi, mwombe mahakama iyaidhinishe makubaliano hayo.