Sukari imefika mpakani? Namna ya kuishusha

Kisukari aina ya pili hupanda polepole kwa miaka bila dalili, kwa hiyo ukingojea kiu na kukojoa mara kwa mara umechelewa. Anza na kipimo. Kaa angalau saa 8 bila kula, ukinywa maji matupu tu, upime asubuhi. Kikisoma 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari, ingawa hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kuanzia 5.6 hadi 6.9 uko mpakani. Vituo vinavyofuata Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 6.1.

Hapo mpakani bado una nafasi kubwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu wa namna hii waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa waliomeza metformini, dawa ya kushusha sukari, ilishuka kwa 31. Mwenye kilo 80, basi, alenge kupunguza kilo 5 hadi 6.

Pima na kiuno. Futi kamba ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, upimwe ukiwa umeshusha pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80. Mafuta ya tumboni ndiyo hasa yanayoifanya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ishindwe kazi.

Sasa sahani. Nusu yake iwe mchicha, matembele, kabichi au sukuma wiki. Robo maharage, dagaa, samaki au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Anza na mboga na kitoweo, ugali ufuate, sukari haitapanda kwa kasi. Wengi hukosea hapa: wanaacha sembe, wanahamia dona, lakini mlima wa ugali unabaki uleule. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, sawa, ila wanga wake bado ni mwingi. Na ukila ugali, usiongeze viazi na chapati juu yake.

Vinywaji vinaponza zaidi ya chakula. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4 za sukari. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36, wakati inashauriwa kubaki chini ya 25 kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Asali haikuokoi, wala juisi ya nyumbani: glasi moja hula machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Kula chungwa zima.

Tembea dakika 30 siku tano kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Dakika 10 baada ya mlo zina faida ya pekee, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Ukivuta sigara, acha; nayo huongeza hatari.

Rudia kipimo kila mwaka. Aliyepata kisukari cha mimba apime tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata akijisikia mzima. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amweleze daktari mapema, maana kipimo kingine, cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), kinaweza kumdanganya.