Kuamua kazi ya protini kwenye jenomu ya faji

Jeni za faji (virusi vinavyoshambulia bakteria) zimeshapatikana na mianzo yake imehakikiwa. Sasa kila moja inadai jina. Hesabu kwamba kazi ya kila protini haijulikani, mpaka ushahidi ukulazimishe kusema vingine.

Peleka mfuatano wa asidi amino, si wa DNA, kwenye BLASTp, programu inayotafuta protini zinazofanana kwenye hifadhidata. Thamani ya E (idadi ya mifanano ya kiwango hicho inayotarajiwa kwa bahati tu) iliyo chini ya 10⁻⁴ huashiria undugu, haitaji kazi. Majina kwenye hifadhidata hunakiliwa kutoka jenomu hadi jenomu, hivyo faji ishirini zenye jina moja huenda zinarudia kosa lilelile. Tafuta humo protini ambayo kazi yake ilithibitishwa maabara.

HHpred, programu inayotafuta undugu wa mbali wa protini, ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa hulinganisha na miundo iliyopimwa. Dai uwezekano wa 90% kwenda juu, kisha tazama ulinganifu umefunika wapi. Asilimia 98 iliyoshika asidi amino 45 kati ya 400 inazungumzia kipande tu. Kikiwa ni heliksi-pindo-heliksi (umbo linaloshika DNA), andika "protini yenye domeni ya kushika DNA". Kuiita kizuia-jeni ni kubahatisha. Jihadhari pia na heliksi zilizosukana kama kamba: protini ya kupimia mkia (inayoamua urefu wa mkia wa faji) inaweza kukurudishia miosini, protini ya misuli, na faji haina misuli.

Halafu soma majirani. Kwenye faji za mkia mrefu usiokunjika, mara nyingi utakuta terminesi (inayopakia DNA), lango (inapopitia DNA), kapsidi (ganda la faji), kisha jeni za mkia. Jeni ndefu kuliko zote kwa kawaida ndiyo ya kupimia mkia. Ile ya faji lambda ina asidi amino 853. Kwa takribani nanomita 0.15 kila moja, unapata nanomita 128 hivi, karibu na urefu wa mkia wenyewe. Kabla yake kuna wasaidizi wawili wa kuunda mkia, na wa pili hupatikana ribosomu inapoteleza nyuma nukleotidi moja (kwenye lambda, penye GGGAAAG). Programu nyingi za kutafuta jeni hupitwa na mtelezo huo. Urekebishe kwa mkono.

Holini (protini inayotoboa utando wa bakteria) ni fupi na hupenya utando, ila protini fupi za namna hiyo ni nyingi. Ikiwa jirani na endolisini (kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria), na DeepTMHMM, programu inayobashiri sehemu zinazopenya utando, ikaonyesha mipenyo, iite holini. Ikikosa jirani huyo, andika "protini ya utando" uendelee na jeni inayofuata.