Kupitia orodha ya michezo ya Wikipedia: hesabu kwanza, nukta na mkato baadaye

Orodha ya mabingwa au ya rekodi hudanganya macho. Haina aya ndefu za kuchosha, kila kitu kimekaa kwenye kisanduku chake, na mpitiaji akiitazama mara moja huona imekamilika. Basi anarekebisha herufi kubwa mbili tatu, anaandika "iko vizuri" na kwenda zake. Kumbe jedwali linaipa Ghana makombe manne na utangulizi unaipa matatu. Kila kisanduku ni dai linalojitegemea: jedwali la mistari 34 na safu sita lina madai zaidi ya 200, na kosa moja humo halipigi kelele.

Mfano mkuu hapa ni orodha ya mabingwa wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) tangu 1957 hadi mashindano ya 2023, maana imebeba karibu mitego yote. Utaratibu ni uleule kwa mabingwa wa ligi, rekodi za riadha au wafungaji bora, iwe Wikipedia ya Kiswahili au ya lugha nyingine.

Kabla ya kusoma

Fungua historia ya makala, bofya tarehe ya toleo la mwisho na unakili anwani yake. Maoni yako yote yahusu toleo hilo. Mwandishi akiendelea kuhariri huku unasoma, hamtabishana juu ya kitu kilichokwisha badilika. Acha mstari mmoja kwenye ukurasa wa majadiliano kusema umeanza. Kisha nakili jedwali zima ulibandike kwenye lahajedwali, Excel au LibreOffice Calc. Wengi huiruka hatua hii, na ndipo makosa makubwa yanapopita.

Orodha inaishia wapi?

Soma kichwa na sentensi za mwanzo ukiwa na swali moja: nani anaingia, nani anabaki nje? "Orodha ya wachezaji wa Simba" haina mwisho. "Wachezaji waliocheza mechi 100 au zaidi" ina mpaka, mradi kuna chanzo kilichohesabu mechi za wote, si za wale maarufu tu. Mpaka usio na chanzo ni pambo.

Kwenye rekodi mpaka unahitaji maelezo zaidi. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, lakini muda huo si rekodi ya dunia: lilikuwa jaribio maalumu lenye waweka kasi waliokuwa wakipokezana, si mashindano ya wazi. Geoffrey Mutai alikimbia 2:03:02 Boston mwaka 2011, akaushinda muda wa rekodi ya wakati ule, 2:03:59 ya Haile Gebrselassie (Berlin, 2008). Nao haukuidhinishwa, kwa kuwa njia ya Boston hutoka mji mmoja kwenda mwingine bila kurudi, na huteremka kupita kiwango kinachoruhusiwa. Orodha nzuri huzitaja mbio hizi mbili kwenye tanbihi na kueleza kwa nini hazimo. Isipofanya hivyo watu watakuja kuziongeza, tena kwa nia njema kabisa, na mwandishi atashinda akizifuta.

Jumlisha kila kinachojumlishika

Rudi kwenye lahajedwali. Makombe ya AFCON hadi 2023 yamegawanyika hivi: Misri 7, Kamerun 5, Ghana 4, Nigeria 3, Kodivaa 3, Algeria 2, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2, halafu nchi nane zenye moja moja: Ethiopia, Sudani, Kongo, Moroko, Afrika Kusini, Tunisia, Zambia na Senegal. Jumla 34, sawa na idadi ya mashindano.

Ikitoka 33 au 35, anza kuchunguza Kongo mbili: Jamhuri ya Kidemokrasia, hapa "Kinshasa", na Kongo, hapa "Brazzaville", kwa majina ya miji mikuu yao. Bingwa wa 1968 ni Kinshasa, wa 1972 ni Brazzaville, wa 1974 ni Kinshasa tena, safari hii kwa jina la Zaire. Kuna waandishi wanaoiacha Zaire nje, na wapo wanaoiweka kama nchi ya peke yake halafu wakaihesabu tena kwa Kinshasa. Ila jumla sahihi haithibitishi mgawanyo: ukimpa Brazzaville mawili na Kinshasa moja, bado utapata 34. Kwa hiyo baada ya kujumlisha, panga jedwali kwa jina la bingwa na uhesabu mistari ya kila nchi mmoja mmoja.

Jihadhari pia na namba ambazo hazipaswi kulingana. Nafasi za uenyeji ni 36, si 34, kwa kuwa 2000 iliandaliwa na Ghana na Nigeria, na 2012 na Gabon na Guinea ya Ikweta. Fainali nazo hazifiki 34: mwaka 1959 na 1976 bingwa alipatikana kwa msimamo wa kundi, na mechi ya Moroko na Guinea ya 1976 iliyoisha 1–1 haikuwa fainali ingawa ndiyo iliyoamua kombe. Mwaka 1974 fainali ilichezwa mara mbili, Zaire na Zambia 2–2, kisha marudiano 2–0. Hiyo inafanya mashindano 32 yenye fainali, na mechi 33 za fainali. Marudiano hayo yanagusa hata jedwali la wafungaji: Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 mwaka ule, na asiyeyahesabu marudiano atapata 7.

Ligi zina mtego wa majina. Sunderland ya Dar es Salaam, bingwa wa 1965 na 1966, ndiyo Simba tangu 1971. Abaluhya ya Kenya ndiyo AFC Leopards. Jedwali la miaka liandike jina la wakati ule, jedwali la jumla liandike jina la sasa, na tanbihi iunganishe hayo mawili. Ukikuta jina la zamani limefutwa kabisa, au klabu moja imegawanywa mara mbili kwenye jumla, hilo ni kosa la lazima, si suala la mtindo.

Miaka nayo ichunguze. AFCON 2021 ilichezwa Januari na Februari 2022, ya 2023 ikachezwa mapema 2024. Jina la mashindano linabaki, tarehe inafuata kalenda. Mwaka 2012 na 2013 kufuatana si kosa la kuchapa: mashindano yalihamishiwa miaka isiyogawanyika kwa mbili ili yasiangukie mwaka wa Kombe la Dunia.

Vyanzo: chagua kumi, na usichague kwa bahati

Huwezi kufungua kila rejeo, na hakuna anayekudai hivyo. Fungua kumi: la mstari wa kwanza, la mstari wa mwisho, matatu ya mistari yenye tanbihi au jambo lisilo la kawaida, na matano ya katikati. Uliza kila moja kama linasema hasa kilichoandikwa kwenye kisanduku. Kosa la kila siku ni chanzo kinachotaja bingwa na matokeo, lakini hakisemi lolote kuhusu uwanja wala idadi ya watazamaji, na mwandishi amekiweka mwishoni mwa mstari kana kwamba kinabeba vyote. Yakianguka mawili kati ya kumi, simama hapo. Mrudishie mwandishi akague yote, kwa maana hakuna faida ya wewe kumfanyia kazi hiyo moja moja.

Chunguza pia chanzo kilichonakili Wikipedia. Ukikuta tovuti ina kosa lilelile la makala, au maneno yaleyale, linganisha tarehe yake na historia ya makala. Tovuti ikiwa imeandikwa baadaye, haithibitishi kitu. RSSSF, hifadhi ya takwimu za soka inayoendeshwa na wapenzi wa mchezo, inakubaliwa na wengi. Kwa mstari wenye utata tu, omba chanzo cha pili, kama gazeti la siku ile au ukurasa wa CAF au FIFA. Kurasa za mashirikisho hubadilishwa bila taarifa, basi kila rejeo la mtandaoni liwe na nakala ya Wayback Machine (hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao) na tarehe ya kusomwa.

Vyanzo vikipingana, usiamue kwa kupiga kura. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, orodha moja huandika 3:32.2 na nyingine 3:32.16. Hakuna aliyekosea: wakati ule rekodi iliandikwa kwa sehemu za kumi za sekunde, na 3:32.16 ni usomaji wa saa ya umeme. Omba mwandishi achague kipimo kimoja kwa jedwali zima na aeleze kingine chini.

Jedwali lenyewe

Bofya kitufe cha kupanga cha kila safu, mara mbili, juu na chini. Programu ya Wikipedia hutazama mistari michache ya mwanzo kukisia kama safu ni namba au maneno. Kistari au neno "takriban" likikaa hapo, safu nzima hupangwa kama maneno, na 10 inatangulia 9. Dawa ni `data-sort-type="number"` kwenye kichwa cha safu, au `data-sort-value` kwenye kisanduku chenye tatizo. Majina ya Wahabeshi yapangwe kwa jina la mtu mwenyewe: Haile yuko chini ya H, kwa kuwa Gebrselassie ni jina la baba yake.

Kisha fungua msimbo, yaani maandishi ya jedwali yanayoonekana ukibofya kuhariri. Jedwali liwe na kichwa chake kinachoanza na `|+`, vichwa vya safu viwe na `scope="col"`, na kisanduku kinachotambulisha mstari (mwaka au jina) kiwe na `! scope="row"`. Bila hivyo msomaji asiyeona, anayesomewa na programu ya skrini, husikia "2–0" bila kujua ni ya nani. Rangi isibebe maana peke yake: kisanduku cha manjano cha "mikwaju ya penalti" kiwe na alama pia, kama †, na ufunguo, yaani maelezo ya alama, uwe juu ya jedwali, si chini. Bendera isisimame bila jina la nchi. Bendera ndogo za Chad na Romania zikiwa peke yake hazitofautishiki.

Viungo vinavyojirudia ndani ya jedwali linalopangika usiviite kosa. Mstari wa kwanza leo huwa wa mwisho mara mtu anapobofya, kwa hiyo kuweka kiungo mara ya kwanza tu hakutoshi.

Picha zinahitaji dakika chache tu: leseni na maelezo mbadala (maneno anayosomewa asiyeiona picha). Picha ya kombe ina tatizo lake, kwani kombe ni sanaa ya mchongaji na linaweza kuwa na hakimiliki hata kama aliyelipiga picha ametoa picha yake bure.

Utangulizi na lugha

Utangulizi usianze na "Hii ni orodha ya…". Ueleze shindano, nani analiandaa, lilianza lini, nani ameshinda mara nyingi, kisha mambo mawili matatu ambayo jedwali haliwezi kusema. "Hadi sasa" ifutwe kila inapoonekana, iwekwe tarehe: "kufikia Februari 2024".

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili, tafsiri za mashine hujitambulisha zenyewe. "Mkimbiaji wa juu" ni mshindi wa pili. Kipa "aliyeweka karatasi safi" ni kipa ambaye hakufungwa. Majina ya nchi yawe mamoja: ukikuta Kodivaa, Ivory Coast na Côte d'Ivoire kwenye jedwali moja, dai Kodivaa kote, na uangalie kama kupanga kwa jina hakujazitawanya kama nchi tatu.

Kuandika maoni

"Vyanzo viboreshwe" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Mstari wa 1976, safu ya matokeo: inaonyesha fainali 1–1. Hapakuwa na fainali. Ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi. Pendekezo: kistari, pamoja na tanbihi." Mahali, kosa, sababu, pendekezo. Tenganisha ya lazima na ya hiari yako, na useme wazi lipi ni lipi, maana mwandishi mgeni huyachukua yote kama amri. Maoni ya lazima yakizidi ishirini, toa kumi ya kwanza na usubiri.

Kwenye kurasa za kupendekeza orodha teule (featured lists) za Wikipedia ya Kiingereza, usitumie vigezo (templates) vya alama ya tiki, kwani huuchelewesha ukurasa kufunguka. Jibu kwa maneno. Mwandishi akisema amerekebisha, fungua tofauti ya matoleo mawili badala ya kuamini muhtasari wa uhariri. Halafu jumlisha tena makombe: kugusa mstari mmoja hugusa pia jedwali la jumla na utangulizi, na mara nyingi hurekebishwa kimoja tu.